Chumba cha Mtu Anayebaki

Ukitoka Goma kwa njia ya Rutshuru, wafika Kibati kabla hujachoka. Hapo ndipo wageni walipozoea kuanza safari ya kupanda mlima Nyiragongo, wakiongozwa na walinzi wa Hifadhi, na vijana wa kijiji wakichukua mizigo yao. Fedha ya wageni ilionekana, na baadhi ya wenye viwanja wakaanza kuwaza: tujenge vyumba, tupangishe. Wazo hilo si baya. Lakini twauliza: tumjengee nani?

Kwa maana mgeni huja na kwenda. Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ilifungwa kwa wageni Mei 2018, mlinzi mmoja alipouawa na Waingereza wawili kutekwa nyara. Ikafunguliwa Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo wenyewe ukalipuka, na Januari 2025 mji wa Goma ukaingia mikononi mwa M23.

Twamfahamu baba mmoja aliyekopa mwaka 2019 ili ajenge vyumba vitatu vya wageni, vyenye vigae na vioo vikubwa. Mgeni wa mwisho alipoondoka, deni halikuondoka naye. Baadaye alimpangisha mwalimu chumba kimoja, kwa bei ambayo mwalimu aliiweza miezi minne tu. Wakaachana kwa maneno makali, kila mmoja akimwona mwenzake mbaya. Kumbe kosa lilikuwa katika nyumba yenyewe: ilijengwa kwa gharama iliyopita mfuko wa mtu anayebaki.

Nao wanaobaki twawajua: mwalimu, muuguzi, kijana wa chukudu, mjane auzaye maharagwe. Mjini Goma kodi huhesabiwa kwa dola, na kabla ya kupewa ufunguo mpangaji hudaiwa garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Ni wapangaji wangapi waijuao? Na wenye nyumba waijuao, ni wangapi waifuatao? Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aliuhesabu upungufu wa nyumba kuwa tatizo zito katika sehemu nyingi za dunia. Basi jambo hili si la wafanya biashara peke yao.

Tujenge vipi, ili bei iwe ya haki na nyumba idumu? Mawe ya volkeno yamejaa kila upande, na mafundi wetu wajua kuyapasua. Msingi wa mawe hata magotini, kuta za mbao za mkaratusi, mabati juu: hivyo ndivyo zilivyo nyumba nyingi za Goma, hasa tangu tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hata ziwani, ikiteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na maelfu ya nyumba. Ubao ni rahisi, tena waweza kubomolewa na kujengwa pengine. Adui yake ni moto. Watu wa Birere, ambako nyumba zimebanana, wanalijua hilo kwa machozi. Kwa hiyo acha nafasi kati ya nyumba na nyumba, na jiko lisimame peke yake nje. Mbao nazo zitoke katika miti iliyopandwa. Kuukata msitu wa Hifadhi ili kumjengea mgeni ajaye kuutazama ni upumbavu.

Maji ya mvua huzama upesi kati ya mawe ya lava, lakini bati huyazuia. Bati lenye mita 8 kwa 5, likipata mvua ya milimita 20, latoa lita 800. Tangi moja laweza kusaidia vyumba vitatu. Mvua ya kwanza imwagwe, maana huosha vumbi na majivu ya mlima. Na penye moshi mwingi wa Nyiragongo, hasa upande wa magharibi, maji hayo huwa makali, hula bati, wala hayafai kunywewa hivi hivi. Choo kimoja kizuri kitumiwe na wote, kwa kuwa kuchimba shimo katika mwamba huu ni kazi ya nyundo na siku nyingi.

Tena, mtu asijenge bondeni bila kuwauliza wazee wa mahali, hasa upande wa Sake na kando ya ziwa. Huko kuna mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini na kutulia mabondeni. Haina rangi, nayo huua mbuzi, na watoto pia, kwa kuwa pua zao zi karibu na ardhi.

Yule baba wa Kibati, mara ya mwisho tulipomwona, alikuwa akipanga mawe ya msingi wa chumba cha nne, cha mbao safari hii. Mabati yalikuwa hayajanunuliwa, na tayari muuguzi mmoja alikuwa amekwisha kuuliza bei.