Kocha Hapimwi kwa Mechi Moja

Ndugu msomaji, umewahi kumtazama mwalimu wa mpira wakati timu yake inacheza? Wachezaji wanakimbia. Watazamaji wanashangilia. Yeye amesimama pembeni ya uwanja. Hapigi mpira wala hadaki. Lakini timu ikifungwa, jina lake ndilo linalotajwa kwanza.

Mwalimu huyu tunamwita kocha. Leo tuzungumze juu ya kazi yake. Tutasoma habari za kocha mmoja wa Tanzania, marehemu Joel Bendera. Kwanza nikueleze jambo lililotokea kwetu hapa Likombe, Mtwara.

TULIMWONDOA MWALIMU WETU

Mimi ni bwana shamba. Asubuhi nazungukia mashamba ya korosho na mihogo. Jioni napenda kusimama uwanjani na kutazama vijana wakicheza.

Timu moja ya vijana ilikuwa na kocha wa kujitolea. Hakulipwa mshahara. Hata mpira waliochezea ulikuwa wake. Timu ile ilifungwa mechi tatu mfululizo. Tukakusanyika chini ya mwembe. Tukasema kocha hafai. Walipouliza nani anataka aondoke, nami nilinyosha mkono.

Kocha alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua mpira wake, akaenda nyumbani.

Wiki mbili baadaye uwanja ulikuwa mtupu. Mbuzi walikuwa wakila majani golini. Vijana walikaa barabarani bila kazi. Ndipo nikajiuliza: sisi tulionyosha mikono, tulijua nini juu ya kazi ya kocha?

KAZI YA KOCHA

Kocha ni mwalimu. Hufundisha kutuliza mpira, kutoa pasi na kumkaba mpinzani. Humpanga kila mchezaji mahali panapomfaa. Huangalia nani amechoka na nani ameumia. Huwapatanisha wanaogombana.

Kocha wa shule au chuo ana mzigo zaidi. Kila mwaka wachezaji wake wazuri humaliza masomo na kuondoka. Huja wageni, naye huanza upya. Tena ni lazima ahakikishe kuwa mchezaji hasahau vitabu kwa sababu ya mpira.

Kazi hii husomewa. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, katika Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Tena Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika hutoa vyeti vya makocha kwa madaraja. Kocha huanza daraja la chini na kupanda, kama mtoto anavyopanda madarasa.

SAFARI YA JOEL BENDERA

Sasa turudi nyuma, mwaka 1979. Mwaka huo nchi yetu ilipigana vita na majeshi ya Idi Amin, ikashinda. Mwaka huohuo timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilitafuta nafasi ya kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tanzania ilikuwa haijafika huko hata mara moja.

Joel Bendera, Mtanzania mwenzetu, alikuwa kocha wa timu hiyo. Kikwazo cha mwisho kilikuwa Zambia. Nyumbani tulishinda bao 1 kwa 0. Timu ikasafiri kwenda Ndola, Zambia, kwa mechi ya marudiano. Zambia wakatangulia kufunga. Zikiwa zimebaki dakika chache, Peter Tino akasawazisha. Mechi ikaisha 1 kwa 1. Ukijumlisha mechi zote mbili, Tanzania ilipata mabao 2 na Zambia 1. Tukapata nafasi.

Fainali zilichezwa Nigeria mwezi Machi 1980. Bendera alikwenda huko pamoja na kocha kutoka Poland, Slawomir Wolk. Nchi zilizoshiriki zilikuwa 8 tu. Matokeo yetu yalikuwa hivi:

Nigeria 3, Tanzania 1.
Misri 2, Tanzania 1.
Ivory Coast 1, Tanzania 1.

Juma Mkambi alifunga bao dhidi ya Nigeria. Thuwein Ally alifunga mawili yaliyobaki. Timu yetu haikushinda hata mechi moja, ikarudi nyumbani. Nigeria ndiyo iliyochukua kombe.

Ndugu msomaji, tukihesabu kama tulivyohesabu chini ya ule mwembe, tungesema kuwa Bendera hafai. Mechi tatu bila kushinda! Lakini Watanzania hawakumsahau. Baadaye alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, Naibu Waziri aliyeshughulikia michezo, na Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na wa Manyara. Hata hivyo, watu wengi walipomtaja, walisema: huyu ndiye aliyetupeleka Nigeria.

Tulirudi lini katika fainali hizo? Ilipita miaka 39. Makocha wengi walikuja na kuondoka. Mwaka 2019 Taifa Stars ilifuzu tena, chini ya kocha Emmanuel Amunike kutoka Nigeria. Bendera hakuiona siku hiyo. Alifariki Desemba 2017.

Fainali za 2019 zilichezwa Misri. Tulifungwa mechi zote tatu. Mwezi Julai mwaka huohuo, Amunike akaacha kazi ya kuifundisha Taifa Stars. Kazi ya kocha ndivyo ilivyo. Leo anabebwa juu, kesho anafungasha mizigo.

MKOROSHO NA TIMU

Sisi wa Mtwara tunaujua mkorosho. Ukipanda leo, huvuni mwaka kesho. Unapalilia, unapunguza matawi, unapuliza dawa ya ubwiriunga. Huanza kuzaa kidogo karibu mwaka wa tatu. Mavuno mengi huja baadaye. Mkulima anayeng'oa mkorosho kwa sababu mwaka wa kwanza haukuzaa, hatapata korosho maisha yake yote.

Timu nayo ni hivyo hivyo. Mpe kocha muda, kisha mpime.

Sisi tulikwenda nyumbani kwa kocha wetu kumwomba radhi. Mimi nilisema kwanza, kwa kuwa nami nilinyosha mkono. Alitukaribisha, lakini hakukubali siku ile. Alitaka kwanza tuahidi mambo manne. Nayaandika hapa ili yakusaidie na wewe:

1. Timu iwe na mpira wake, ulionunuliwa kwa michango ya wote.
2. Vijana wafike mazoezini kwa wakati.
3. Watazamaji wasimtukane kocha wala mchezaji.
4. Kocha apimwe baada ya msimu mzima, si baada ya mechi tatu.

Tuliahidi. Jumatatu iliyofuata alirudi uwanjani. Mechi ya kwanza tulifungwa tena. Safari hii hakuna aliyenyosha mkono.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini Bendera alikumbukwa ingawa timu haikushinda mechi hata moja Nigeria?
2. Kocha wa chuo ana mzigo gani zaidi?
3. Je, kijijini kwenu nani anawafundisha vijana mpira? Mnamsaidiaje?