Simu mkononi, historia sikioni: Baba asiyesikia vizuri alivyozuru Kwihara na wanawe

Tabora. Kwenye mlango wa Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, baba wa watoto watatu anabonyeza simu, anafumba macho na kusikiliza. Wanawe wanasubiri. Anarudisha nyuma, anasikiliza tena, kisha anawapa ishara waingie ndani.

Kwa familia nyingi hilo ni jambo dogo. Kwa familia hii iliyotoka Kahama, mkoani Shinyanga, ni mara ya kwanza baba kufuata maelezo ya ziara tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa zaidi ya miaka 10 amefanya kazi kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu mkoani Geita, bila kuziba masikio. Sasa anasikia kwamba mtu anaongea, lakini maneno yanampotea. Katika safari zilizopita, mwongozaji alipokuwa akieleza mbele ya kundi, yeye alikaa nyuma akitikisa kichwa kana kwamba anaelewa. Mkewe anasema watoto walipomuuliza kitu baba yao alicheka tu, na mwishowe wakaacha kumuuliza.

Kelele kubwa za muda mrefu huharibu chembe ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo hupotea mwanzo, zikiwemo herufi kama s, f na t. Ndiyo maana mgonjwa hulalamika kwamba watu wanamung'unya maneno. Kumpigia kelele hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kusema taratibu, kwa karibu, mahali patulivu.

Binti yake wa kidato cha tatu ndiye aliyepata wazo. Alikuwa amesikia kwamba kwenye makumbusho makubwa ya nje mgeni hupewa kifaa cha sauti, akazunguka peke yake kwa mwendo wake. Akaandika historia ya Kwihara kwa Kiswahili rahisi, akairekodi kwenye simu vipande saba, kila kimoja kama dakika mbili. Kila kipande kinaanza kwa kumwambia msikilizaji asimame wapi. Baba akanunuliwa spika za masikioni zile kubwa zinazofunika sikio lote.

Vipande vya mwanzo vinaeleza nyumba yenyewe: kuta nene za udongo, paa la bapa, vyumba vilivyozunguka ua. Jengo la sasa limejengwa upya kwa mfano wa lile la zamani. Katika karne ya 19 Kwihara ilikuwa kituo cha misafara ya biashara, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa na shanga.

Henry Morton Stanley alifika hapa Juni 1871 akimtafuta Dk David Livingstone, akakwama kwa miezi kadhaa kutokana na vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu. Baada ya kukutana Ujiji mwaka huohuo, wawili hao walirudi pamoja Kwihara Februari 1872. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alibaki miezi mitano akisubiri wapagazi, hadi Agosti 25, 1872. Mmoja wa wenzake Stanley, John Shaw, aliugua na kufia hapahapa.

Lakini kipande kilichomsimamisha baba ni cha sita.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wasaidizi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaanza kuubeba kwenda pwani. Oktoba walifika Kwihara. Hapo walimkuta ofisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri waumalizie mzigo huo kwa kuuzika palepale. Walikataa.

Mbele ya Kwihara walisikia kwamba wenyeji wa njiani hawatauruhusu mwili kupita. Wakatengeneza mzigo wa bandia uliofanana na maiti, watu sita wakarudi nao kama wanaokwenda kuuzika. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la kawaida la vitambaa, ukapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Aprili 18 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London.

Baba alikisikiliza kipande hicho mara tatu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtoto aliyelifikiria: wale sita waliorudi na mzigo usio na kitu, nani anawakumbuka? Akaketi uani, akawasimulia wanawe alivyoanza kazi akibeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara kabla ya kuhamia kwenye karasha. Wanawe hawakuwahi kuisikia habari hiyo. Binti akawasha kinasa sauti cha simu. Hicho sasa ni kipande cha nane.

Mzazi anayetaka kujaribu hili, iwe Kwihara, Bujora au Bagamoyo, hahitaji gharama kubwa. Kwanza, omba ruhusa kwa wasimamizi wa eneo, na uwaulize wanayoyajua. Simulizi ya mwenyeji haina mbadala, na akikubali, mrekodi. Pili, hifadhi vipande ndani ya simu, usitegemee mtandao. Tatu, fanya kila kipande kiwe kifupi, na mpe mtoto mmoja kazi ya kusoma. Nne, acheni nafasi ya kuzungumza kati ya kipande na kipande, maana familia ambayo kila mtu amejifungia na spika zake haijatembea pamoja.

Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya kiwango cha juu. Watoto wasimamiwe. Mwenye tatizo la kusikia naye asipandishe sauti kupita kiasi akidhani itamsaidia, kwani anaweza kuharibu kilichobaki.

Simu si tiba. Anayesikia mvumo masikioni, anayeomba kurudiwa maneno kila mara au anayefungulia redio kwa sauti kubwa kuliko wenzake, apimwe hospitalini. Wanaofanya kazi kwenye makarasha na mashine za kuchoronga miamba wavae viziba masikio tangu siku ya kwanza.

Baba huyu ameanza kuvivaa. Kilichopotea hakitarudi, lakini njiani kurudi Nzega, mkewe anasema, mtoto wa mwisho alihamia kiti cha karibu na baba yake, akaanza kumuuliza maswali sikioni, taratibu.