Kanisa la Mawe Matupu

Ndugu msomaji, je, ungekubali kuanza jengo ambalo hutaliona likimalizika? Katika mji wa Šibenik, pwani ya Kroatia, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo lilianza kujengwa mwaka 1431, na ujenzi ukachukua zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1441 kazi ilikabidhiwa mwashi mashuhuri, Juraj Dalmatinac. Alipofariki, kuba na paa vilikuwa bado. Nikola Firentinac ndiye aliyeiendeleza kazi. Paa hilo halina mbao wala matofali: ni mabamba ya mawe yaliyochongwa yakapachikwa moja kwa jingine, kama seremala aungavyo mbao.

Nje, ukutani, Juraj na wenzake walichonga vichwa zaidi ya 70 vya wanaume, wanawake na watoto. Husadikiwa kuwa ni wakazi wa mji wenyewe.

Mwaka 1991, wakati wa vita, kombora liliipiga kuba. Mafundi wakaitengeneza, na mwaka 2000 UNESCO ikalitia kanisa hilo katika Urithi wa Dunia.

Juraj hakuiona kuba ile, lakini aliacha nguzo za kuibeba. Nasi, msomaji, tuwaachie watoto wetu nguzo.