Mwenzi wako akiugua saratani, kesha naye



Siku mlipofunga ndoa mliahidi mbele ya Mungu na kanisa kushikamana katika afya na katika ugonjwa. Sehemu ya afya haitusumbui sana. Leo tutafakari ile nyingine, hasa ugonjwa unapokuwa saratani iliyokwisha kusambaa.

Chukua mfano wa mama wa Katubuka, Kigoma mjini. Anatokwa damu isiyo ya kawaida, anaona aibu kumwambia mumewe, anameza dawa za dukani miezi kadhaa. Anapofika Hospitali ya Maweni na kupimwa, majibu ni saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya tatu. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Anaandikiwa rufaa kwenda kupata mionzi, iwe Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka nyumbani. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Nauli itatoka wapi? Atafikia kwa nani? Watoto watabaki na nani?

Hapo ndipo ndoa hupimwa. Yuko mume anayehamia chumba kingine kwa sababu ya harufu, kisha anahamia nyumba nyingine. Yuko anayeuliza, "Ugonjwa huu umeutoa wapi?" ilhali kirusi chake hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, kwa mke au kwa mume. Na yuko anayebaki, lakini kila siku anamwambia mgonjwa kwamba angekuwa na imani angepona.

Soma Mathayo 26:36-46. Usiku ule Gethsemane, Bwana wetu alikuwa na huzuni kiasi cha kufa. Hakuwaomba wanafunzi wamwondolee kikombe. Aliwaomba wakeshe pamoja naye, basi. Mara tatu aliwakuta wamelala. Yeye aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa ndogo?

Kwa hiyo, ombea uponyaji bila kuchoka, lakini usimtwike mgonjwa lawama, wala usimwachishe dawa. Kazi uliyopewa wewe ni kukesha.

Kukesha ni nini? Ni kuingia naye kwa daktari na kuuliza lile analoogopa kuuliza. Ni kumpa dawa ya maumivu kwa wakati. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne. Usisubiri mpaka alie. Wapo wanaomnyima wakihofu atakuwa teja, lakini ikitumiwa kama daktari alivyoelekeza ni msaada. Hufunga choo, basi omba na dawa ya kulainisha. Harufu nayo ina tiba. Mweleze muuguzi, usimkimbie mkeo. Ugali wa muhogo ukimshinda, mpe uji, mpe mchuzi wa mgebuka, hata vijiko viwili. Fua mashuka wewe mwenyewe, baba. Hakuna aibu katika hilo. Bwana aliosha miguu.

Na akitaka kuzungumzia kifo, usimkatize kwa "usiseme hivyo, utapona." Msikilize. Huenda anataka kukuambia habari za watoto, au kiwanja, au deni, au kukuomba msamaha. Madaktari wakisema tiba haiwezi tena kuondoa ugonjwa, uliza kuhusu tiba shufaa, ile inayotuliza maumivu na kumlinda mgonjwa hadi mwisho. Kuikubali si kukata tamaa.

Wewe unayeuguza, nawe ni mwili. Hata mitume walilala kwa uchovu. Jumuiya ikikuuliza inaweza kusaidia nini, usijibu "tuombeeni tu." Sema: mmoja akae naye usiku wa Jumanne, mwingine awapeleke watoto shule, mwingine achangie nauli. Nasi wanajumuiya tusisubiri msiba ndipo tuchange. Rambirambi hainunui tiketi ya treni ya kwenda kutibiwa.

Leo baada ya ibada, kabla ya kwenda nyumbani, pita kwa jirani anayeuguza. Usiende na mahubiri. Mwambie akalale saa mbili, nawe ukae na mgonjwa.

Bwana aliyekesha kwa ajili yetu awatie nguvu wote wanaouguza. Jumapili njema.