Kutapika damu: dokta anayejifunza ashike endoskopi ao asishike?

Tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020, hapa Beni na Butembo mtu akitapika damu, majirani wanarudi nyuma kwanza. Inaeleweka. Lakini wagonjwa wengi wa Ebola hawakutoka damu, na watu wengi wanaotapika damu hawana Ebola. Wako na kidonda cha tumbo kilichokula mshipa, ao mishipa ya njia ya chakula imevimba na kupasuka sababu ini limeharibika (hepatiti B, pombe, ao kichocho cha matumbo kwa watu wa kando ya ziwa Albert). Damu ikishuka chini, choo kinakuwa cheusi kama lami. Ile pia ni kutoka damu, na njo watu wanakaa nayo siku tatu nyumbani wakinywa dawa za miti.

Mimi ni mtu wa agronomia, ila swali hili limezunguka sana kati yetu: dokta anayejifunza apewe ruhusa ya kusimamisha ile damu? Simaanishi stajieri aliyefika jana. Namaanisha asistanti, dokta tayari, anayefanya spesialite. Kuna wanaosema mgonjwa siyo shamba la majaribio. Neno lile ni zito, lakini tuangalie kazi yenyewe.

Endoskopi ni mpira mwembamba wenye kamera, unapita mdomoni mpaka tumboni na mwanzo wa utumbo. Ndani yake vifaa vinapita. Kwa kidonda, dokta anapiga sindano ya adrenalini iliyopunguzwa, sehemu 1 kwa 10.000, kandokando ya mshipa. Hiyo peke yake haitoshi, damu inaweza kurudi. Lazima aongeze kibanio kidogo cha chuma, ao achome fasi ile kwa umeme. Kwa mishipa iliyovimba, anaivuta na kuifunga na pete ya mpira. Wenzangu wa zootekniki watakumbuka pete ya kuhasi mbuzi: kanuni ni ileile.

Lakini kamera haikimbiliwi. Kwanza serumu, damu ikihitajika, kisha endoskopi ndani ya saa 24. Uchunguzi wa Barcelona uliotoka 2013 ulionyesha kwamba kungoja hemoglobini ishuke chini ya 7 ndipo kuongeza damu kuliokoa watu wengi kuliko kuongeza mapema, chini ya 9. Na ile asidi traneksamiki tunayoisifu kwa mama aliyejifungua? Mwaka 2020 ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 12.000 wanaotoka damu ya tumbo: haikupunguza vifo. Mambo haya hata hopitali ndogo isiyo na kamera inaweza kuyafuata kesho.

Sasa, kujifunza. Uingereza hawatoi cheti cha endoskopi ya tumbo kabla mtu hajafanya nyingi, akiwa amesimamiwa. Anaanza na tumbo lililotulia, la mtu aliyekuja mchana kwa miadi. Damu inayoruka inakuja mwisho, mkubwa wake akisimama pembeni, macho kwa ekrani, tayari kupokea mpira. Kwa hiyo shida siyo kwamba anajifunza. Shida ni kama yuko peke yake.

Na mimi nasema wazi: ashike. Kati ya Butembo na Beni kuna kilometa zaidi ya 50, na usiku, kwa usalama wa sasa, barabara ile haipitiki kirahisi. Mji wenye dokta mmoja tu anayejua, siku akienda Goma ao Kampala mji unabaki bila mtu. Kumkataza asistanti mchana mbele ya mwalimu ni kumruhusu afanye usiku bila mwalimu.

Kuna njia ya kuanza bila mgonjwa hata mmoja. Erlangen, Ujerumani, miaka ya 1990, walichukua tumbo la nguruwe kutoka machinjioni, wakashonea mshipa ndani, wakapitisha damu ya bandia kwa pampu, na wanafunzi wakajifunza kuifunga. Nguruwe hapa kwetu hawakosekani, na tumbo lake siyo bei. Kinachokosekana ni endoskopi ya pili, ya mazoezi tu, kwa maana ile iliyopita ndani ya nguruwe hairudi tena kwa mtu.