Utangulizi: Mvua Ilinyesha Lini?

Kwa takwimu za mwaka, Dodoma haionekani kuwa na shida kubwa. Hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua, na mahindi huhitaji kiasi cha milimita 500 hadi 800 tangu kupandwa hadi kukomaa. Kwa hesabu hiyo, mwenye bahati kidogo angevuna.

Wewe unayeingia katika fani hii ya kilimo, karibu, ila acha mapema mazoea ya kupima msimu kwa jumla yake. Mvua za huko huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Katikati, mara nyingi Februari, hukatika hata wiki mbili, wakati mahindi mengi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Hapo ndipo mavuno huamuliwa. Chavua hudondoka kwa siku chache tu, na lazima izikute ndevu za hindi zimeshachomoza, maana kila unywele una punje yake. Mmea wenye kiu huchelewesha ndevu. Zikitoka, chavua imekwisha. Menya hindi la shamba hilo uone: punje tatu hapa, tano kule, kwingine gunzi tupu. Mvua ya Machi, hata ikinyesha mpaka mito ifurike, haizirudishi.

Katika ukame huohuo, mtama hukunja majani, hupunguza kukua na kusubiri mvua irudi. Uwele ni mvumilivu zaidi. Hata hivyo, wengi bado hupanda mahindi, na siwalaumu: ugali wa sembe ndio waliouzoea, na kwelea kwelea wakivamia mtama hawaachi kitu.

Kuna pia suala la udongo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Zikinyesha milimita 40 kwa saa moja juu ya ardhi iliyoshindiliwa, sehemu kubwa hutiririka korongoni. Kipima mvua kimezihesabu, mizizi haikuzipata. Waingereza walioanzisha mradi wa karanga Kongwa, mkoani Dodoma, mwaka 1947 walishindwa na ukame na udongo uliokauka ukawa mgumu ajabu. Mradi ulifungwa 1951.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, tafuta kipima mvua na daftari. Andika tarehe, milimita, na siku mbelewele zilipochomoza katika shamba lililo karibu nawe. Wastani wa mkoa hautakupa habari hizo.