Gundi yako ya muhogo ni mpya kweli? Soma kabla ya kulipia hataza

Kuna kikundi hapa Masanze kinapika gundi ya wanga wa muhogo, gliserini na siki. Wanabandika mbegu za mchicha kwenye utepe wa karatasi, wanaufukia, gundi inaoza, mbegu zinaota kwa nafasi. Wananiuliza: "Afisa, tukienda BRELA tutapata hataza, au kuna mtu katutangulia?"

Upya haupimwi Kilosa tu. Hataza iliyochapishwa popote duniani inahesabika, hata kama haijawahi kufika Tanzania.

Chukueni dai lenu mlikate vipande: wanga wa muhogo, gliserini asilimia 10 hadi 20, siki, inaoza udongoni. Sasa fungueni hataza moja ya zamani. Vipande vyote vikiwemo ndani ya hati hiyo moja, upya umekufa. Kimoja kikikosekana, dai bado ni jipya, hata kama kipo kwenye hati nyingine. Hapa hati mbili hazichanganywi kama mbolea. Lakini msishangilie mapema, kuna swali la pili: je, fundi wa gundi akisoma hizo hati mbili angeziunganisha mwenyewe bila kuumiza kichwa? Wengi hukwama hapo.

Tuje kwenye vipimo. Hati ya zamani ikiwa na mchanganyiko huo wenye gliserini asilimia 15, basi 10 hadi 20 yenu imeshaguswa. Ikisema tu "wanga wowote", hapo muhogo haujatajwa, mna pa kusimamia.

Neno "inaoza" ndilo linalodanganya. Tuseme hati ina mchanganyiko uleule, ila ni wa kubandika maboksi na haisemi lolote kuhusu kuoza. Haiwasaidii. Gundi ileile ilikuwa inaoza tangu zamani, mwandishi ataje asitaje. Labda kipya chenu ni namna ya kuitumia shambani, ingawa tepe za mbegu nazo si ngeni duniani, kwa hiyo tafuteni na huko.

Tena si hataza peke yake zinazoua upya. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya fangasi. Mwarobaini huu huu wa uani! Wapinzani wakaleta ushahidi kwamba India yalishatumika kabla. Ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikagonga mwamba 2005.

Kwa hiyo msiimwage siri yenu Nane Nane kabla ya kuwasilisha ombi, inaweza kutumika dhidi yenu. Kutafuta hati za zamani ni bure kwenye Espacenet, simu inatosha. Mkitaka ulinzi wa nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, kuna ARIPO, Harare.

Na mkija ofisini leteni kipimo cha siki. Kwenye dai lenu hamjakiandika.